Pengo la Alhamisi

Kazi yangu ni kuhesabu wasiokuwapo.
Nakaa Valmiera, ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani,
na kila sekunde kumi na mbili mnyororo unaita majina:
aliyepo anatia sahihi, asiyekuwapo anaacha tundu,
nami nalichukua tundu lile, nalitia kwenye jedwali.

Watu elfu nne na ushee wameweka amana zao,
wameapa kwa fedha kwamba hawatasinzia.
Mashine haiapi. Mashine huzimika
panya akitafuna waya, bili ikisahauliwa,
mtu akijikwaa gizani akitafuta soksi.
Na anayezimika, amana yake humegwa punje kwa punje,
kama mkate mikononi mwa mtoto mwenye haya.

Niliulizwa: Dzidra, uaminifu unapimwaje?
Nikajibu upesi, kama mtu aliyesoma:
chukua sahihi zilizotiwa, gawanya kwa zilizotakiwa.
Basi.
Lakini yuko aliyekosa mara mia, leo moja, mwezi ujao moja,
kama mwenye kikohozi;
na yuko aliyekosa mara mia mfululizo,
kama aliyetumbukia kisimani.
Jedwali langu liliwapa alama sawasawa.
Sikulala vizuri juma lile.

Nikaacha kuyahesabu mapengo, nikaanza kuyasoma.

Ndipo nilipomwona namba 2217,
seva iliyoko Liepāja, mji wa upepo,
katika karakana ya Ilgvars Strauts, fundi wa vinanda.
Kila Alhamisi, saa mbili na dakika kumi usiku,
inazimika. Dakika hamsini na mbili. Inarudi.
Alhamisi baada ya Alhamisi, miezi kumi na minne,
pengo lilelile, mahali palepale,
kama la jino lililong'oka.

Nikampigia. Akacheka, kicheko cha mtu
aliyefumaniwa na sukari mdomoni.
"Ni Bi Vilhelmīne wa chini. Ana miaka themanini na tisa.
Alhamisi anaoka mkate mweusi wa juma zima,
na fyuzi ya nyumba hii haibebi mizigo miwili.
Akiwasha tanuri lake, nazima mashine yangu."
"Nunua betri," nikamwambia. "Unapoteza."
"Nimepiga hesabu. Ninachopoteza
ni bei ya kipande kimoja cha mkate,
na kipande ananiletea mwenyewe, ngazi kumi na tisa,
kingali moto, kina kisibiti."

Kwenye safu ya maelezo nikaandika: *sababu, mkate*.
Ansis, msimamizi wangu, akafuta.
Akaandika: *hitilafu ya umeme, inajirudia*.
Sikubishana. Naye alikuwa na jedwali lake la kujaza.

Kisha ikaja Alhamisi moja ya Januari, theluji mpaka magotini.
Saa mbili na dakika kumi ikapita.
Mstari haukukatika.
Saa mbili na nusu, kijani. Saa tatu, kijani.
Juma lile 2217 akapata asilimia mia,
ya kwanza tangu ajiunge;
jedwali likampandisha daraja, likamtia nyota.
Kimya kingi kina mshindo, hilo nilikua nikilijua.
Sikujua kwamba kukamilika nako kuna wake.

Simu ya Ilgvars ikaita mpaka ikachoka.
Na kule karakanani, katikati ya vinanda visivyo na nyuzi,
mashine ikaendelea kutia sahihi yake:
nipo, nipo, nipo,
bila kusema nani mwingine yupo.

Kipimo changu hakina safu ya mwanamke na tanuri.
Ningeiweka wapi? Ningeipa alama gani?
Mwenye tundu nilimwita mzembe,
asiye na tundu nikamvisha nyota,
na siku moja tu ya ukamilifu imenitia baridi tumboni.

Leo ni Alhamisi nyingine. Saa mbili na dakika tisa.
Ansis amekwenda nyumbani. Chai yangu imepoa.
Nimeketi mbele ya kioo, sijavua koti,
namngoja akose.