Kuchelewa

Sisi mafundi wa Keko neno hili tunalijua.
Kitanda kimechelewa, mama, njoo kesho.
Kesho anakuja, namwambia vanishi haijakauka.
Kwa hiyo daktari aliposema Radhia amechelewa kukua
mimi nilisikia: njoo kesho.
Nikakunja kadi ya kliniki, nikaitia mfukoni pamoja na penseli.

Miaka mitatu na nusu. Hajasimama.
Mama mkwe akasema ni kubebwa mno.
Bi Hidaya wa mlango wa pili: ulimi umefungwa, ukatwe.
Mwingine akanong'ona habari za ukoo wa mke wangu.
Na shemeji Mbwana, anipendaye kweli,
akachimba shimo uani:
mchanga mpaka kiunoni, asubuhi na jioni,
miguu itashika ardhi kama mhogo.

Nilimweka mimi. Kwa mikono hii.
Alinitazama.
Hakulia, wakasema unaona, haelewi.

Asumini hakugombana na mtu.
Alibeba maranda ya karakana yangu, kiroba baada ya kiroba,
akalijaza lile shimo kabla ya magharibi.

Dada wa mazoezi, Temeke, hakuuliza nani kakosa.
Aliuliza: anapenda nini?
Mimi ninayeujua ufa wa mninga kwa kuugonga tu
nikatazama sakafu.
"Sauti ya msasa," Asumini akajibu.

Nikamtengenezea kiti. Meza mbele, mkanda kifuani,
kibao cha kukanyagia.
Kitamzidishia uvivu, wakasema,
na nusu yangu ikakubali.
Uvivu! Miezi minne
alivitafuta vidole vyake mwenyewe, jasho likimtoka puani,
mpaka vikakishika kipande cha msasa.

Juzi amekwaruza meza mara mbili.
Akanyamaza. Akaniangalia.
Nikiwa na randa mkononi, sikuelewa mara moja
kwamba nilikuwa nangojwa.
Nikakwaruza mbili.
Akacheka mwili mzima, akakwaruza tatu.
Jamani. Tulizungumza mpaka gundi ikagandia kwenye kopo.

Atawafikia wenzake lini? nimemuuliza dada.
Akasema, sijui. Labda asiwafikie. Njooni Jumanne.
Hivyo tu, bila kuinamisha macho.

Leo mwenye kabati kaja, mkoba kwapani.
Kesho ilikuwa tayari imenifika mdomoni.
Nikaimeza.
Sijui, mama, nikasema.
Bado naipiga msasa.