Kiboksi Kimoja, Nusu Mita

Tuliingia kwa magoti, Jumapili,
mimi, Kibwana fundi bomba, na Sikudhani mshonaji,
nyuma ya machimbo ya zamani, Boko,
pale kokoto zinapouzwa kwa ndoo
na mbuzi hulala kivulini mwa greda bovu.
Hatukuwa na barua ya ofisi yoyote.
Tulikuwa na tochi mbili na nusu
(ya Kibwana huwaka ikipigwa kofi),
kamba ya manila yenye fundo kila mita,
dira ya kibla iliyobanduliwa kwenye mswala wa babake Kibwana,
na daftari la hesabu la mwanangu, lenye viboksi.

"Kituo cha kwanza," akasema Sikudhani,
akatia alama kwa chaki ya kukatia suruali.
Kiboksi kimoja, nusu mita.
"Soma." "Nne na robo." "Upande?"
"Kibla, kisha kushoto kidogo."
Nikaandika hivyo hivyo.

Niseme kweli: gizani mita hurefuka.
Popo walitupita masikioni
kama kanga zinazokung'utwa.
Ukuta wote ni matumbawe,
makombe yamebanana kama abiria wa bahari
iliyoondoka bila kuwaaga.
Sikudhani akakwangua moja kwa kucha.
"Huyu alikuwa chaza," akasema,
akamfuta vumbi, akamwacha.

Kituo cha saba tulikuta kitambaa cheupe,
chetezo, chupa ya marashi iliyokauka.
Kibwana akavua kofia.
"Tunapita tu, wenyewe."
Upana wa chumba kile hatukuupima.
Kwenye ramani pana kiduara kitupu.
Ukiuliza, tutakwambia wino uliisha.

Kituo cha kumi na mbili dari likaanza kudunda:
du. Du. Du.
Mtu anatwanga juu ya vichwa vyetu,
kisamvu labda, chakula cha mchana.
Tulicheka mpaka tochi ikazimika.
Kibwana akaipiga kofi, ikawaka,
ikamulika bomba la bluu, inchi sita,
limetoboa dari, limezama kidimbwini.

"Hili nimelifunga mimi," akasema.
"Mwaka juzi. Kisima cha Mama Nyamizi.
Nilimwambia maji yanatoka mwambani, ni safi kuliko ya chupa."

Ukuta wa pili ulikuwa unalia.
Mizizi, na kati ya mizizi mchirizi wa kijivu,
una povu, unanuka sabuni ya mche
na kitu kingine ambacho hakuna aliyekitaja,
unashuka polepole, hauna haraka,
hadi kwenye kidimbwi kile kile.

Tukapima. Ndilo tulilokuwa tunalijua.
Kutoka mchirizi hadi bomba: mita tatu na kidogo.
Sikudhani alirudia mara mbili
kama anayepima sare ya shule
ya mtoto ambaye mama yake hana hela ya kushona tena.

Sasa ni usiku. Daftari liko juu ya meza,
nimelikandamiza kwa pasi ya mkaa.
Nilikusudia kuipamba ramani hii,
popo kwenye kona, mshale wa kibla,
na jina; njia nzima ya kurudi
tungebishana juu ya jina.
Tulirudi kimya.
Kibwana hata magoti hakuosha,
kaenda moja kwa moja kugonga kwa Mama Nyamizi.
"Ramani mtaileta kesho," alisema.
"Leo namwambia asichote."

Nami nachora juu ya pango, kwa penseli nyekundu,
yaliyo juu yake kweli:
uzio wa michongoma, njia ya bodaboda,
banda la kuku, nyumba, choo.
Naanzia mdomo wa pango, nahesabu viboksi,
kibla, kisha kushoto kidogo.
Nimefuta. Nimehesabu upya.
Nimemwamsha mwanangu, hesabu anaziweza kuliko mimi;
kapitisha kidole, midomo ikichezacheza,
kidole kikasimama palepale.

"Baba," akasema, "hapa si kwetu?"