Vumbi la Mama Kapya

Ungo wa bibi yangu, Soko la Kenya, Lubumbashi,
ulikuwa na sheria mbili:
bilulu wazima juu, kwa wenye pesa,
vumbi chini, kwa upepo.
Vichwa vilivyokatika, miiba, ngozi kavu nyepesi:
utoto wangu wote nimelifagia,
nikapiga chafya, nikalisahau.

Leo nimerudi na ndoo.
"Unataka vumbi?"
Nalitaka lote.
Wamama wa meza za jirani wakatazamana:
huyu wa chuo kikuu, masomo yamempanda.

Bibi, nikasema, humu ndani kuna kitini.
"Kitini? Nani amekaa kitini?"

Nilicheka, kisha nikaona hajakosea.
Ndicho kinachomketisha panzi wima,
kinachompa mende kifua cha askari,
na kaa wa mto Kafubu ngao yake.
Hata uyoga wa Desemba, ule mlaini
unaotoboa kichuguu bila jembe,
una uzi huohuo nyamani mwake.
Sukari, Bibi. Sukari iliyoshikana
pete kwa pete hadi ikasahau utamu.
Iloweke mwaka mzima,
itatoka kama ilivyoingia,
kaidi kama deni.

Akanijibu kwa kitendawili:
Nimevua shati, shati likasimama.
Nilishindwa. Akadai mji.
Nikampa Lubumbashi yote,
na mlima wake mweusi, na bomba lake refu.
Akaukataa.
"Mji ambao kisima chake kinaacha kijani kwenye sufuria?
Lete mwingine."

Sikuwa na mwingine.

Nyuma ya maabara, siku umeme ulipokubali,
nililiosha vumbi kwa asidi, likatoa povu,
nikalipika kwa soda ya wapika sabuni wa Katuba,
ile inayokula kucha.
Saa kwa saa kila pete ikadondosha kofia yake,
ikabaki na mkono mtupu.
Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.
Sawa. Lakini huu, kwa kuwa mtupu,
ndio unaoshika.

Jina lake jipya ni kitosani.
Ndoo tatu zilinipa kiganja kimoja,
rangi ya unga wa bukari uliokaa sana.
Na kile kilichoudharau mto mzima
kikalegea kwenye siki ya saladi,
kikawa ute, kikanivutia kijiko.

Kingine nilikiacha kikavu.
Nikakinyunyiza kwenye glasi ya maji ya kijito
kinachopita chini ya machimbo ya Ruashi.
Nikalala.
Asubuhi chembe zote zilikuwa za buluu.
Shaba, imekamatwa mikono mitupu.
Sikuyanywa yale maji. Mashine ilisema imepungua,
haikusema imekwisha.

Wiki ileile mjomba Mwepu alitoka shimoni
kiganja kimepasuka, damu mpaka kwenye kiwiko.
Njiani kwenda zahanati, ili asilale,
nikamwambia wako wanaotengeneza bandeji
kwa kitu hiki hiki, damu ikikigusa inaganda.
"Kilulu anifunge kidonda mimi?"
Umemla maisha yako yote, mjomba.
"Kumla ni kumla," akasema,
akaugeuzia uso dirisha.

Jibu nililikuta Oktoba, ukutani mwa maabara:
nyenje ametoka mgongoni mwake mwenyewe,
ameondoka,
shati limebaki limeshika tofali kwa kucha sita.
Nilitaka kulichukua. Nililigusa tu.

Jumamosi nikaenda kumwambia Bibi.
Hakusikiliza. Alikuwa na kopo jipya mezani,
limejaa vumbi, limesawazishwa kwa kisu.
"Franka mia tano," akamwambia mpita njia aliyeshangaa.
Kisha akanitazama, mjukuu wake, mwenye ndoo.
"Wewe, mia sita."