Herufi ya Thelathini na Nne

Mimi Lamara natengeneza miavuli, Kutaisi, hatua chache kutoka daraja jeupe.
Miaka ishirini na sita kibao changu kimekuwa mwavuli uliopasuka,
nimeutundika mlangoni kichwa chini.
Anayejua anajua. Asiyejua hulowa.

Kisha baraza la mji likatangaza: kila duka na nembo yake,
picha iwe ya mraba, fomu ijazwe kabla Machi haijaisha.
Teona, binti wa mdogo wangu, akaja na kompyuta
na mfuko wa mbegu za alizeti.
"Mama mkubwa, akili mnemba itachora. Wewe chagua tu."
Chagua tu!
Nimewahi kuchagua mume. Najua kazi ya kuchagua.

Programu ya kwanza ilitaka barua pepe, ikataka umri,
ikauliza duka langu lina hisia gani:
furaha, anasa, au ujasiri?
Nikasema, andika kukauka.
Kukauka haikuwamo.
Ikatumwagia miavuli mia mbili kwa dakika,
yote mipya, yote mizima, yote chini ya jua.
Nani humpelekea fundi mwavuli mzima?

Ya pili ilikuwa na adabu zake.
Mstari mmoja mnene, mmoja mwembamba, rangi ya zabibu nyeusi,
na basi.
Niliipenda, sitadanganya; nilisogeza kiti.
Tulipotaka kuichukua ikafunga mlango:
lari kumi na tisa. Kwa mwezi. Kila mwezi.
Ubavu wa mwavuli naunga kwa lari tatu.
Mbavu sita na kipande, kila mwezi, mpaka nizikwe,
kwa ajili ya mistari miwili.
Nikarudisha kiti.

Ya tatu ilikuwa ya bure, na ilichora kama mlevi mwenye moyo mzuri.
Tuliiomba mwavuli uliovunjika, mkono unaoushona,
na jina langu kwa maandishi yetu.
Mkono ukaja na vidole sita.
Mwavuli ukaja na mbavu tisa.
Na jina, basi, jina.

Kijojia kina herufi thelathini na tatu.
Mwalimu Tsisana alitupiga rula viganjani mpaka zote zikakaa.
Hii iliyosimama mwanzoni mwa jina langu
ilikuwa na kichwa cha mmoja wao na mkia wa mwingine,
mtoto asiye na ukoo.
Teona alicheka mpaka mbegu zikamwagika sakafuni.
Mimi nilivaa miwani.

Nikajaribu kuitamka.
Midomo ilikunjana, pumzi ikajaa mashavuni, ikatoka:
fwapu.
Teona akaacha kucheka.
"Rudia," akasema.
Fwapu. Sauti ya mwavuli unaofunguka,
ule ambao chemchemi yake nimeifunga kwa mkono wangu.

Alitaka kuifuta, aandike upya, jina lisomeke.
Nikamwambia, kidole cha sita kifute, watoto wataogopa.
Mbavu tisa ziache; kwa mvua za hapa nane hazijawahi kutosha.
Na hiyo ya mwanzo usiiguse.

Aprili karani wa baraza akapiga simu.
Jina lako halisomeki, mama.
Nikamuuliza kama ana mwavuli.
Anao, lakini umekwama, haufunguki.
Ulete, nikamwambia, nitakusomea.

Hajaja bado. Fomu iko kwao, sijui mezani au jalalani.
Mwavuli wa zamani ungali mlangoni, kichwa chini,
na Teona amenidai mbegu zake.
Saa kumi leo mawingu yalishuka mpaka kwenye mapaa,
tone la kwanza likagonga kioo,
nikaweka sindano chini nisikie vizuri:
fwapu, kule kwa muuza mikate,
fwapu, fwapu, kituo cha basi,
halafu daraja zima.