Futi na Mizani

Kibwana wa mizani ananijua kwa kandambili.
Kila Jumatatu, pembe ya Barabara ya Kumi na Mbili,
navua, napanda, namlipa mia mbili,
naye anasoma bila kuniangalia usoni:
"Sabini na tisa, dada. Palepale."

Palepale tangu mfungo sita.
Palepale, na mimi wiki ya kumi na moja hii
naamka kabla ya adhana, naendesha baiskeli hadi Makorora,
nyuma ya gereji, kwa Mhina,
aliyekuwa akipakia marobota ya katani bandarini
na leo ananyanyulisha watu ekseli ya lori
na madebe yaliyomwagwa zege.
Palepale, na chapati tunapishana njiani
kama mtu na mdeni wake.

Siku ile nililia, sifichi.
Nililia nimeinamia cherehani
hadi satini ya mteja ikaingia doa.
Zuhra akaweka vitumbua vyake juu ya meza ya kukatia:
"Kula, shoga. Kwenu nyote mabonge.
Utashindana na mifupa ya bibi yako?"
Nikala viwili.
Cha tatu nikakifunga kwenye gazeti, nikakila usiku.

Ijumaa ikaja harusi ya mpwa wangu, Chumbageni.
Nikatoa sandukuni gauni la rangi ya damu ya mzee,
nililolishona mwaka juzi kwa mkono wangu.
Kiunoni likaning'inia
kama mgeni asiyeonyeshwa pa kukaa.
Mabegani likagoma kupanda.
Nikalivua, nikaligeuza nje ndani,
nikatafuta ni la nani.

Futi ilikuwa shingoni kama kawaida.
Futi hii imezunguka nusu ya wanawake wa Ngamiani;
najua mimba zao kabla ya mama zao,
najua nani anabana pumzi nikifika tumboni.
Mimi mwenyewe haijanizunguka
tangu nilipojishonea gauni lile.

Nikafunga mlango kwa komeo.
Kiuno: thelathini na nne.
Daftari la mwaka juzi, kwa wino uliochujuka,
lasema thelathini na nane na nusu.
Nikapima tena.
Paja limepungua kidogo tu, ila gumu,
ukilibonyeza linakujibu.
Mkono wa juu umeongezeka inchi nzima,
na mimi sikujua kwamba mkono wa mwanamke wa miaka arobaini na sita
bado una nia ya kukua.

Pale chini ya meza kuna gunia la sufi, kilo tano;
nikilishindilia, linanipa mito mitatu na bado linamwagika.
Na pale kuna pasi ya mkaa, nayo kilo tano;
naishika kwa mkono mmoja, nakunja kola.
Miaka ishirini vimekaa chumba kimoja na mimi,
na sikuwahi kuwauliza chochote.

Marehemu baba alitunga mashairi.
Alihesabu mizani kwa vidole, mlangoni, jioni,
kumi na sita kila mshororo, hakosei,
kisha mengine akayachana yakiwa kamili.
"Mizani imetimia," alikuwa akisema,
"nyama ya shairi iko wapi?"
Mama akidhani ananung'unikia mchuzi.

Gauni nililifumua mabega, nikalitia kipande.
Harusini Zuhra alinizunguka mara mbili, kimya,
na kwa Zuhra, kimya ni hotuba.

Jumatatu nilikuwa natoka kwa fundi Shekilindi
na kichwa cha cherehani begani, chuma kitupu.
Zamani nilikuwa nakodi mkokoteni.
"Dada, leo hupimi?"
Nikapanda hivyohivyo, na mzigo wangu.
Kibwana akainamia kioo, hakuniangalia:
"Loo! Tisini na mbili.
Dada, umejiachia."

Nikampa mia mbili yake.
Nikahamisha cherehani bega la pili,
nikavuka barabara.