Kiti cha Juu

Jumapili, kabla ya jua kuchoma,
Msabaha atugawia mahamri kwa mkono wenye grisi.
"Leo hatushindani," asema. "Twenda na maji tu."

Sita sisi, kando ya mkono wa bahari, Tudor.
Maji yakupwa. Mikoko magoti nje.
Kaa wasikia magurudumu, watopea matopeni.

Mwanakombo yu nyuma.
Baiskeli ni ya marehemu mumewe, mrefu yule,
na kiti hakijashushwa:
ncha za vidole tu zagusa pedeli,
kiuno chayumba kushoto, kulia.

Penye muuza kahawa twasimama.
Msabaha atoa spana mfukoni, haneni.
Mwanakombo aitazama, apuliza kikombe.
"Bado," asema.

Basi sote sita tukaondoka
kwa ncha za vidole.