Ubao wa Majivu

Bibi Khandjav alikuwa karani wa ushirika wa sufu.
Mchana aliandika kwa herufi za Kirusi,
kilo ngapi, kondoo wangapi, deni la nani,
mwandiko wa duara, mtiifu, kama vifungo vya koti.
Usiku aliutoa ubao nyuma ya sanduku la unga,
akaupaka masizi na mafuta ya kondoo,
akaunyunyizia majivu yaliyopoa,
akachonga kijiti.

Nilikuwa na miaka sita. Alinishika kidole.
Hakusema hii ni a, hii ni be.
Alisema: huu uti wa mgongo. Ushushe.
Polepole, farasi hashuki mlima kwa mbio.
Hili jino. Na jingine.
Hapa tumbo, lipe nafasi, limeshiba.
Huu mkia, uache upeperuke,
kisha nyamaza.

Kijiti kilipopita, weusi ulichomoza chini ya majivu,
kana kwamba usiku ulikwisha kuandikwa zamani
na sisi kazi yetu ni kuupangusa vumbi.

Mbwa akibweka nje, kiganja kilipita mara moja.
Jina la baba yake, pwaa, majivu.
Mara nyingi alikuwa Sodovjamts, jirani,
anaomba chumvi.

Nikamuuliza, mbona hatuandiki kwenye karatasi?
Karatasi, akasema, ina ulimi.

Alidai herufi zetu zilitembea.
Zilitoka upande wa Shamu zikiwa zimelala ubavu,
zikafuata misafara jangwa kwa jangwa,
zikibadili lugha kama ngamia abadilishwavyo mizigo,
na zilipofika kwetu zikainuka, zikasimama wima.
Ni baridi ya ardhi, alisema.
Nani alale chini huku mwezi wa Januari?
(Mwalimu wangu wa sasa anasema ziliinuka mapema zaidi,
kwa Wauighuri. Vitabu namwachia yeye.)

Kisha miaka ikageuka, na shule ikamwita.
Karatasi ndefu kama mlango. Wino uliosagwa jiweni.
Watoto sitini sakafuni, mkuu wa shule na tai yake mpya.
Aliniachia koti lake nimshikie,
akachovya brashi ya manyoya ya mbuzi,
akashusha uti mmoja:
mzito begani, mkavu kiunoni,
pale manyoya yalipoachana na weupe ukapumua katikati.
Tukangoja meno.
Badala yake kiganja cha kushoto kiliinuka chenyewe,
kikaenda kufuta.

Wino ulikuwa mbichi.
Ukabaki uti, na ubavuni pake
vidole vitano vinavyokimbia.
Mtoto mmoja alipiga makofi, akanyamazishwa.
Bibi alikitazama kiganja chake
jinsi mtu anavyomtazama mbwa wake mwenyewe
aliyemng'ata mgeni.

Karatasi ile ninayo, Ulaanbaatar, ghorofa ya saba.
Neno gani lilikuwa likianza, sijui. Hakusema,
nami siku ile niliona haya kuuliza.

Mwalimu Yundendorj ana droo ya kalamu za walimwengu:
mwanzi wa Uajemi, ncha imekatwa mshazari,
unyoya wa bata bukini kama wa watawa wa Ulaya,
brashi ya Uchina yenye kucha ya nywele moja.
Kila moja, anasema, ina inachokiogopa.
Mwanzi huogopa unyevu. Unyoya huogopa haraka.
Brashi huuogopa mkono.
Alikuja kwangu kunywa chai ya maziwa,
akasimama mbele ya ukuta muda mrefu, kikombe kinapoa.
Uti huu, akasema, una uzito wake.
Hapa kando pameharibika.

Sikubishana naye. Nilimwongezea chai.

Alipoondoka niliandaa wino.
Meno nayaweza. Tumbo nalijua linapoanzia.
Mkia wangu husifiwa darasani.
Ila kiganja kile,
nimemaliza karatasi arobaini,
bado hakijakubali kutoka.